Kinyanyuzi cha endoskopi: kishike vizuri zaidi, au kioshwe vizuri zaidi?

Miezi michache iliyopita, hospitali ninayofanya kazi hapa Lubumbashi, Kongo, iliandikiwa barua na marafiki wa Ulaya. Wana duodenoskopi iliyokwisha kutumika, wanaitoa bure, sisi tugharamie usafiri tu. Mkutano wa kuamua ulichukua saa mbili, na sehemu kubwa ya saa hizo ilikwenda kwenye kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mahindi. Dokta wetu wa tumbo alikitaka kwa jinsi kinavyoshika. Mimi, ninayesimamia chumba cha kuoshea, nilikiogopa kwa sababu hiyohiyo. Tangu siku ile nimekuwa nikiupima ubishi wetu huku na huku, na naona ndio ubishi walio nao watengenezaji wa mashine hizi, ila sisi tunabishana tukiwa na maji ya foraji, yaani ya kisima cha kuchimbwa, na umeme wa zamu.

Kwa asiyekijua chombo chenyewe: endoskopi ni bomba lenye kamera la kuchungulia ndani ya mwili, na ya kawaida hutazama mbele. Duodenoskopi hutazama ubavuni, kama abiria wa dirishani kwenye basi la Likasi. Inapita mdomoni, inavuka tumbo la chakula, inafika kwenye duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Pale ukutani kuna kichuchu kidogo kiitwacho papila, ambapo mfereji wa nyongo na ule wa kongosho hufungukia. Jiwe likikwama nyuma yake, mgonjwa anageuka manjano, anajikuna usiku kucha, mkojo unakuwa mweusi kama chai isiyo na maziwa, na homa ikiingia hapo hakuna muda wa kupoteza. Dokta huteremsha katheta, mrija mwembamba, kupitia mfereji ulio ndani ya mashine. Katheta inashuka wima, lakini papila iko ubavuni, kwa hiyo lazima kitu fulani kiipinde na kuielekeza. Kitu hicho ndicho kinyanyuzi. Kwa Kifaransa chetu cha hospitali tunakiita erekteri.

Wazo lenyewe ni la zamani. Joaquín Albarrán, daktari mzaliwa wa Cuba aliyefanya kazi Paris, aliweka kinyanyuzi cha namna hii kwenye chombo cha kuchungulia kibofu mwaka 1897, na hadi leo madokta wa mkojo wanakiita kwa jina lake. Mwaka 1968, huko Washington, William McCune na wenzake walifaulu kuingiza katheta kwenye papila kwa endoskopi kwa mara ya kwanza. Mwaka 1974 Ujerumani na Japani zilianza kuikata papila kwa waya wenye umeme ili jiwe litoke bila kumpasua mtu. Muda wote huo chuma kimebaki kilekile kwa asili yake: kinazunguka kwenye pini, kimefungwa kwenye waya mwembamba, na waya unavutwa na kidole gumba cha dokta.

Sasa niseme kwa haki upande wa dokta, maana una uzito. Miongozo ya Ulaya ya mwaka 2016 inahesabu kazi ya kuingiza katheta kuwa ngumu pale papila inapoguswa zaidi ya mara 5, au dakika zinapopita 5, au waya unapoingia mfereji wa kongosho zaidi ya mara moja bila kukusudiwa. Hesabu hiyo ina sababu. Kila mguso unaivimbisha papila, na kongosho ikikasirika mgonjwa aliyekuja na jiwe anaondoka na ugonjwa mwingine, ambao mara nyingine unaua. Kwa hiyo chuma kinachotii kidole mara ya kwanza kinamlinda mgonjwa kwa njia ambayo brashi yangu haiwezi.

Na kutii si rahisi. Mwendo wa kidole unasafiri mita moja na robo hivi, ndani ya bomba lililopindishwa na koo, tumbo na kona ya duodeni, kabla ya kufika kwenye chuma. Kila kona inaongeza msuguano. Waya ukizeeka unarefuka kidogo. Matokeo yake dokta anasogeza kidole na chuma hakisogei, anaongeza nguvu, halafu chuma kinaruka ghafla na katheta inapita juu ya papila. Njia za kurekebisha zinajulikana: waya mgumu zaidi, pini inayobana bila kulegea, au kurefusha umbali kati ya pini na mahali waya ulipofungwa ili nguvu ileile ya kidole iinue katheta ngumu zaidi. Lakini ukirefusha mkono huo, kinyanyuzi kinakua, shimo linalokibeba linakua, na waya unapaswa kuvutwa safari ndefu zaidi, wakati ncha nzima ya mashine ina upana wa milimita 14 hivi na ndani yake kuna kamera, taa, mdomo wa maji na hewa, na mfereji wa vyombo wa milimita 4.2.

Kuna uboreshaji mmoja ambao nimeuona ukifanya kazi kwa macho yangu, nao ni mfuo. Kwenye uso wa kinyanyuzi wamechonga mfuo wa herufi V. Dokta akishaingiza uzi wa kuongoza kwenye mfereji wa nyongo, uzi wa milimita 0.89, anainua chuma, uzi unabanwa ndani ya mfuo, na muuguzi anaweza kutoa katheta moja na kuingiza nyingine bila uzi kuchomoka. Zamani ilikuwa kazi ya watu wawili kusukuma na kuvuta kwa pamoja wakiitana, “Sukuma! Polepole! Simama!”, na uzi ukitoka mnarudi kuitafuta papila ambayo sasa imevimba. Aliyebuni mfuo huo amewaepusha watu wengi na maumivu. Siwezi kusema vingine.

Ila mfuo unaobana uzi unabana na vitu vingine.

Nilipokuwa mafunzoni, mbali na hapa, nilipewa duodenoskopi niioshe. Niliiosha kama karatasi ilivyosema: nikaifuta kando ya kitanda kabla haijakauka, nikapima kama inavuja, nikailoweka kwenye sabuni ya enzimu, nikapitisha brashi kubwa mferejini, kisha brashi ndogo kwenye ncha, chuma kikiwa kimesimama, kikiwa kimelala, tena na tena. Nikasuuza. Kisha nikaitazama kwa lenzi ya fundi saa chini ya taa. Nyuma ya kinyanyuzi, kwenye pembe ambapo pini inaingia ukutani, palikuwa na mstari wa rangi ya kahawia, mwembamba kama unywele wa kope. Nikapiga brashi, ukabaki. Nikazungusha pamba kwenye kijiti cha meno, nikakipenyeza, ukatoka nusu. Nusu nyingine ilikuwa mahali ambapo hakuna kinachofika, kwa sababu chuma kikisimama kinaziba nyuma yake, na kikilala kinaziba chini yake. Yaya, dada mkubwa wa kazi aliyekuwa ananifundisha, alitazama kwa lenzi, akanirudishia. “Iloweke, uanze mwanzo.” Tulianza mwanzo mara tatu. Mgonjwa wa pili alikuwa kwenye benchi nje, hajala tangu jana yake. Tulimwambia aende akale, arudi kesho.

Mstari ule ndio ninaouona kila mtu anaposema “uboreshaji”.

Kilichotokea kwenye nchi zenye kila kitu kinaonyesha kuwa hofu yangu haitokani na umaskini wa maji yetu tu. Mwaka 2012, katika hospitali ya Erasmus huko Rotterdam, wagonjwa 22 walipata bakteria sugu wa Pseudomonasi kutoka kwenye duodenoskopi ya aina mpya, na mashine ilipofunguliwa wadudu walipatikana chini ya kinyanyuzi. Mwanzoni mwa mwaka 2015 hospitali ya chuo kikuu cha UCLA huko Los Angeles iliwaita watu 179 waliokuwa hatarini. 7 walikuwa wameambukizwa bakteria wasiosikia hata karbapenemu, antibiotiki zinazowekwa kwa ajili ya maambukizi magumu, na 2 kati yao walikufa. Ripoti ya Seneti ya Marekani ya mwaka 2016 ilihesabu wagonjwa wasiopungua 250 katika milipuko isiyopungua 25, Marekani na Ulaya, kati ya 2012 na 2015. Kisha FDA, mamlaka ya Marekani ya chakula na dawa, iliwaagiza watengenezaji wachukue sampuli kwenye mashine zilizokwisha kuoshwa na kuwa tayari kwa mgonjwa. Mwaka 2019 ilitangaza kuwa hadi asilimia 5.4 ya sampuli zilikuwa na wadudu wa kutisha. Wale ni waoshaji wenye mashine za kuoshea, maji yaliyochujwa na umeme usiokatika.

Kinachonigusa zaidi katika habari ya Rotterdam ni kwamba muundo ule mpya uliletwa kama dawa ya tatizo lilelile. Mashine za zamani zilikuwa na njia ya waya iliyo wazi, tundu jembamba sana ambalo lazima lisukumiwe maji kwa sindano ndogo na kwa nguvu, na waoshaji wengi waliliruka au walilifanya haraka. Watengenezaji wakafikiri: tuzibe. Wakaweka pete ya mpira kwenye ekseli ya kinyanyuzi, wakasema njia ya waya haihitaji kuoshwa tena kwa sababu hakuna kinachoingia. Wazo zuri kabisa kwenye karatasi. Lakini ekseli inazunguka mara mia kwa wiki, mpira unakutana na nyongo, sabuni na dawa kali, na mpira ukichoka unaruhusu uchafu uingie mahali ambapo sasa brashi imekatazwa kufika. Mwaka 2016 kampuni ya Olympus iliziita mashine zake za aina hiyo zirudi ili kubadilisha utaratibu wa kinyanyuzi na kuziba kwa nguvu zaidi. Mimi bado sipendi neno kuziba. Kilicho wazi, muuguzi mvivu anaweza kukiacha kichafu. Kilichozibwa, hata muuguzi mwaminifu hawezi kukisafisha.

Agosti 2019 FDA ilishauri hospitali zihamie kwenye miundo mipya: ncha zenye kofia inayotupwa baada ya kila mgonjwa, au mashine nzima ya kutumia mara moja. Desemba mwaka huohuo iliruhusu duodenoskopi ya kwanza ya kutupwa yote. Na kofia zina ushahidi. Jaribio lililofanyika Calgary, Kanada, likachapishwa mwaka 2023, liliwagawa wagonjwa 518 kwa bahati nasibu. Mashine za kawaida zilibaki na uchafu baada ya kuoshwa katika asilimia 11.2, zile ambazo kofia hutupwa pamoja na kinyanyuzi chake, asilimia 3.8. Kushuka kwa theluthi mbili si jambo dogo. Lakini asilimia 3.8 inasema pia kwamba kuna uchafu unaokaa kwingine, mferejini, penye mikwaruzo ya vyombo, na kwamba kinyanyuzi hakikuwa mkosaji peke yake.

Hapa ndipo mwenzangu mmoja mkutanoni, kijana wa biomedikali, fundi wa vifaa vya hospitali, alinibana barabara. Alisema: nyinyi mnaolalamika kwamba maji ni mabaya na umeme unakatika, ndio mngepaswa kuwa wa kwanza kudai mashine za kutupa. Aliye na maji safi anaweza kumudu kuosha. Asiye nayo, kuosha kwake ni bahati nasibu.

Ana haki, na sikuwa na jibu la haraka. Maji yetu ya foraji yana chokaa. Birika lolote la nyumbani hapa mjini linaonyesha. Chokaa ile ikikauka kwenye chuma inakuwa godoro la bakteria. Delestaji, umeme kukatwa kwa zamu, ikija katikati ya kuosha, unaanza mwanzo, na jenereta haiwashwi kwa ajili ya chumba cha kuoshea pekee. Kukausha ndiko kunakosahaulika kabisa: mashine iliyooshwa vizuri ikatundikwa na matone ndani, kesho asubuhi ina wadudu wapya. Kwa hesabu ya maji na umeme tu, kijana yule ameshinda.

Lakini nimefanya kazi miaka ya kutosha kujua kinachotokea kwa kitu cha kutupa kikifika hapa. Hakitupwi. Waya wa kukatia papila, kikapu cha kuvutia jiwe, katheta: vyote vimeandikwa alama ya namba 2 iliyopigwa mstari, maana yake usirudie, na katika vyumba vingi vya nchi hii vinaoshwa, vinalowekwa, vinarudi mezani, kwa sababu kimoja kinazidi mshahara wa mwezi wa anayekiosha, na cha pili hakijavuka mpaka wa Kasumbalesa. Simlaumu anayefanya hivyo mbele ya mgonjwa mwenye homa na boksi tupu. Ila fikiria kofia yenye kinyanyuzi iliyobuniwa itupwe: plastiki yake haikupimwa kwa joto, pembe zake hazikuchongwa kwa brashi, hakuna karatasi inayosema ioshwe vipi. Ikirudiwa, inakuwa chafu kuliko ile ya zamani iliyogandishwa kwenye mashine isitoke, tena inalegea, na kofia iliyolegea inaweza kuchomokea ndani ya utumbo. Mbuni wa Tokyo au Boston amehesabu hatari ya kofia mpya kila mara. Kofia ya mara ya sita haimo kwenye hesabu yake, lakini imo kwenye mgonjwa wetu.

Kwa hiyo ninachotaka ni kitu cha katikati, na najua kina kasoro. Nataka kinyanyuzi kinachotoka kwa mkono, bila bisibisi, kikiwa chuma kitupu, na kinachoweza kuingia otoklavu, chungu cha mvuke wa kuulia wadudu, kwa nyuzi 134. Mashine nzima haiwezi kuingia humo. Gundi na kamera zitakufa. Kipande cha chuma kinaweza, na otoklavu ndicho kifaa ambacho hata vituo vidogo vya huku wanacho na wanakijua. Nyingine huchemshwa kwenye jiko la mkaa umeme ukikosekana. Mashine ije na vinyanyuzi kumi, kila mgonjwa chake, na mahali kinapokaa pabaki wazi kama bakuli ambalo kidole chenye kitambaa kinaingia na kuzunguka.

Dokta aliponisikia alitikisa kichwa, na sababu zake nazipokea. Kitu kinachotoka lazima kiwe na kiungo, na kiungo kina ulegevu. Ulegevu wa sehemu ya kumi ya milimita kwenye ndoano ya waya unaongezeka ukifika kwenye ncha ya katheta, na huko ndiko mguso wa 5 unakogeuka kuwa wa 8. Mfuo wa V ukilegea, uzi unateleza. Halafu ile ndoano inayotokeza ukutani bado inahitaji waya nyuma yake, na waya bado unahitaji pete ya mpira. Uficho haujaisha, umepungua tu. Na vipande kumi vidogo vinapotea. Nani atavihesabu saa moja usiku?

Tatu za mwanzo ni kazi ya wahandisi, na sidhani kama haziwezekani. Kufuli ndogo ya kubofya imeshatatua mambo magumu zaidi kwenye vyombo vya upasuaji. Ya mwisho ni kazi yangu, na naweza kuifanya, kama tunavyohesabu sindano na pamba kila siku. Linalonitia wasiwasi ni lingine: kofia ya kutupwa inauzwa kila mgonjwa, kinyanyuzi cha chuma kinauzwa mara moja. Mtengenezaji hahitaji kuwa mtu mbaya ili achague cha kwanza. Lazima upande wa wanunuzi wadogo useme wazi kwamba uko tayari kupoteza kidogo kwenye kushika ili upate kwenye kuosha, la sivyo hakuna atakayejua kuwa tupo. Na mimi ningepoteza. Uzi ukiteleza, muuguzi anaweza kuushika kwa vidole kama tulivyofanya zamani, kwa makelele na jasho. Mstari wa kahawia hakuna wa kuushika.

Mwishoni mwa mkutano dokta aliweka kalamu chini. “Mama,” akaniambia, “ukinikatalia mashine hii, mgonjwa wa jiwe hapati iliyo safi kuliko hii. Anapata kisu. Au anapata basi la Ndola, Zambia, kama ndugu zake wana dola.”

Hilo nalo ni kweli. Hata FDA, ilipotoa onyo lake la kwanza mwaka 2015, haikusema mashine ziondolewe, kwa sababu bila hizo wangekufa wengi zaidi ya walioambukizwa. Sikutaka kuwa mtu wa kukataa, na sikukataa. Nilimwambia, “Dokta, nipe siku tatu niandike masharti.” Nikaandika: brashi ndogo za ncha za mwaka mzima ziwemo kwenye sanduku, kichujio cha maji ya suuza ya mwisho, pampu ya hewa ya kukausha yenye betri yake, lenzi, sampuli ya kuotesha maabara kila mwezi kutoka nyuma ya kinyanyuzi, na ikiota mdudu mmoja wa kutisha mashine inalala, mgonjwa mmoja kwa siku hadi tuzoee, hata kama benchi limejaa. Dokta alisoma, akaongeza moja lake: pete ya mpira ya ekseli ikaguliwe na fundi kabla haijasafirishwa, na tarehe ya kubadilishwa kwake iandikwe.

Barua ya majibu ilikwenda Ijumaa. Swali la kwanza kabisa ndani yake ni hili: hiyo kofia ya ncha, inatoka au imegandishwa?